Kwa Mama, Aliyekataza Magunia Yenye Vichwa

Mama wangu,

Padri alisema kwenye mazishi kwamba ulikuwa mwanamke mpole. Mama! Wewe, mpole? Nilikuwa nimekaa benchi la mbele kati ya Papa na shangazi, nikahisi Papa anatikisika mabega. Watu wa nyuma walidhani analia. Alikuwa anacheka, Mama, anacheka mpaka machozi, na aliponiinamia aliniambia sikioni: "Huyu padri anazika mutu mwingine."

Tangu siku ile naona wameanza kukutengeneza upya. Kila anayekuja kutoa pole anakuleta ukiwa umepunguzwa makali kidogo. Jirani yule uliyegombana naye juu ya mfereji wa maji, yeye sasa anasema hamkuwahi kukosana hata siku moja. Nikiwaacha, watakuweka kwenye kalenda ya parokia umekunja mikono na kuinamisha kichwa. Ndiyo maana nimeketi nikuandikie, nikukumbushe ulivyokuwa, kabla hawajakumaliza. Tena nina jambo la kukupasha. Wafanyabiashara wa ziwani walingoja tu matanga yaishe, halafu wakaleta tena magunia yenye vichwa. Walitaka kujua kama sheria yako imezikwa pamoja na wewe. Nitakuambia ilivyokwenda, ila uvumilie, maana hukupenda kabisa habari inayoanzia mkiani.

Ulizaliwa Nyantende, na hilo ulilisema kila mahali, hasa mbele ya watu wa mjini wasiojua kushika jembe. Ulikuja mjini, Kadutu, ukiwa bibi wa mwalimu. Ulituambia mara nyingi kwamba ulidhani bibi wa mwalimu anakaa nyumbani anafuma vitambaa vya viti. Kumbe mshahara wa Papa ulikuwa kama mgeni wa mbali, unatangazwa lakini haufiki. Asubuhi moja ulimwachia Papa mtoto, ambaye ni mimi, ukachukua kamba ukateremka ziwani. Papa aliuliza unakwenda wapi. Ulimjibu bila kugeuka: "Nafuata chakula. Weye fundisha."

Nilipokuwa mkubwa kidogo nilikufuata siku za likizo, nikakaa juu ya jiwe kuangalia. Mitumbwi ya injini ilishusha makala ya kupikia na mihogo, magunia yakapangwa mchangani, na nyinyi akina mama mkakaa chini, kila mmoja mgongo kwa gunia lake, kamba imezunguka gunia na kupita kwenye paji la uso. Halafu mnangoja. Sijawahi kuona mwanamke aliyejiinua mwenyewe na mzigo wa namna ile. Lazima wenzake waje, mmoja amvute mikono, mwingine asukume gunia kwa nyuma, na wote watatu waseme "Inuka!" kwa pumzi moja. Akishasimama, mlima wa mpaka sokoni Kadutu anaupanda kwa miguu yake, shingo imekaza, macho kwenye visigino vya aliye mbele. Wewe uliinuliwa na Mama Cito, mbebaji mwenzako, na Mama Cito aliinuliwa na wewe, asubuhi zote, hata zile ambazo hamkuwa mnasemeshana.

Vichwa vilikuja polepole. Mfanyabiashara anajaza gunia mpaka mdomoni, kisha anazungushia vijiti na majani juu ya mdomo, anaendelea kujaza, anafunga. Gunia moja linakaribia kuwa gunia na nusu, na malipo ni yale yale ya gunia moja. Mwanzoni kichwa kilikuwa kidogo, kama kofia ya mtoto mchanga. Kufika mwisho kilikuwa kichwa cha mheshimiwa. Mlilalamika, mkatukana kwa Kimashi ili wasielewe, wakaelewa, wakacheka, nanyi mkabeba.

Halafu Mama Cito akaanguka. Mvua ilikuwa imenyesha, na kile kijia kati ya nyumba za mbao unakijua kuliko mimi. Kichwa cha gunia kilimvuta nyuma, kamba ikiwa bado kwenye paji. Hakufa. Lakini mpaka leo akitaka kumtazama mtu anageuza mwili mzima, kwa sababu shingo ilikataa kabisa kugeuka. Papa Safari, mwenye gunia, alipanda mpaka pale alipolala akauliza kama makala yalimwagika mtaroni. Wewe ulikuwa umepiga magoti kando ya Mama Cito. Hukumtukana. Nilikuangalia usoni nikaogopa kuliko siku zote ulizowahi kutuchapa.

Jioni ile ulikuwa unamenya mihogo, ukamwambia Papa mpango wako. Kumbuka ulivyokuwa unaongea, kisu kinakwenda na maneno.

"Nikiwaambia bamama bakatae kubeba, batakataa leo, kesho batoto balie, barudi. Sitawaambia bakatae kubeba. Nitawaambia bakatae kuinuana."

Papa, mwalimu, alitaka kuelewa vizuri. "Na yule atakayekaa kwenye gunia aite musaada, mutamuacha chini?"

"Tutamuacha chini na shingo yake."

Papa akasema hiyo ndiyo inaitwa sindika, chama cha wafanyakazi. Ukamwambia aiite anavyotaka, mradi ashike mihogo amenye na yeye.

Asubuhi iliyofuata mlikaa mchangani, kamba mapajani, mnaongea habari za kilio na za arusi kama watu walio kwenye kivuli cha kanisa. Wafanyabiashara walicheka mwanzoni. Jua likapanda. Papa Safari akamchagua mama mmoja aliyekuwa na deni la njaa usoni, akamwahidi mema, naye yule mama, maskini, akaenda akakaa mgongo kwa gunia lenye kichwa, akavaa kamba. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Nyinyi mkaendelea na habari za arusi. Akaita majina yenu, hata lako akaliita. Nilikuona, Mama, ulivyokuwa unashika kamba yako mpaka vidole vikakosa damu. Ulikuwa unaumia. Watu wanaokupa upole leo hawajui kwamba siku ile ulikuwa nao, na ulivyojizuia.

Basi Papa Safari akasema atamwinua yeye mwenyewe, mwanamume ni mwanamume. Na viatu vyake vinang'aa, na tumbo lake. Akavuta mikono ya yule mama, akavuta, akageuka akasukuma gunia kwa bega, na mchanga ulikuwa umelowa. Mawee! Alianguka chali, kichwa cha gunia kikapasuka juu yake, makala yote kwenye shati jeupe. Ufuko mzima ulicheka, mitumbwi ikacheka, hata yule mama aliyekuwa kwenye kamba alicheka mpaka akajikojolea kidogo, yeye mwenyewe ndiye aliyetuhadithia. Ndipo polisi walipofika, maana mtu tajiri akichekwa ni fujo. Waliuliza nani kiongozi. Mama Cito hakuwepo, yuko kitandani, na wengine walitazama chini. Ulisimama ukapangusa mchanga kwenye kitenge. "Ni miye. Mama Nsimire. Twende, jua iko kali."

Walikufunga kwenye kasho ya kartiye, kile kijela cha mtaa. Mimi ndiye niliyekuletea chakula, bugali na sambaza, visamaki vya ziwani, nimefunika na sahani nyingine. Ulikuwa umekaa chini kwenye saruji, umenyoosha miguu, unawafundisha wanawake wawili wauza mandazi namna ya kufunga kitenge kisifunguke mtu akikimbizwa. Hukugusa sahani. Uliniuliza kwanza: "Banainuana?"

"Hapana, Mama. Banakaa tu."

"Na magunia?"

"Iko mchangani yote. Mihogo inaanza kunuka."

"Basi leta bugali." Ukala, ukalamba vidole, ukaniambia samaki wamekosa chumvi. Nilipanda mlima nikilia, lakini kilio kile sijui niseme nini, kilikuwa na kifua mbele.

Mihogo ndiyo iliyokutoa. Wafanyabiashara wenyewe walikwenda kumwomba komanda wa polisi akuachie. Papa Safari alikualika dukani kwake mzungumze, akatuma hata kiti na soda. Uliagiza jibu kwamba kiti kile kije ufukoni, na kikaja kweli, na ukakataa kukikalia. Ulisema huwezi kukaa juu wakati wenzako wamekaa chini, na kwamba kama Papa Safari anataka kukuongelesha, mchanga uko mwingi. Akakaa, Mama. Alikunja suruali yake vizuri akakaa mchangani. Mkakubaliana pale pale mbele ya wote: gunia linashonwa mdomo kwa mdomo, hakuna vijiti, hakuna majani, na lenye kichwa haliinuliwi. Papa aliandika maneno kwa Kifaransa kizuri cha shule. Ulimwambia aandike tu, lakini sheria itakaa kwenye mikono.

Na ilikaa. Miaka mingi, Mama. Mlimchagua Mama Cito awe mshauri kwa sababu, kama ulivyosema, yeye akimgeukia mtu anamgeukia na mwili wote. Mkajifunza kuacha gunia la kwanza kwa aliyetoka kuzaa, lile la mihogo jepesi. Watu wa Luhwindja, wale wa machimbo ya dhahabu, walituma wajumbe kuuliza mlifanyaje, na wewe ulijibu kwa swali: "Kwenu, ni kazi gani mutu hawezi kufanya peke yake? Muanzie pale." Nilikuwa nachota maji, nikasimama na ndoo kichwani ili nisikie vizuri.

Wanasiasa nao wakanusa. Yule mheshimiwa wa uchaguzi, unamkumbuka, aliyekuja nyumbani na vitenge vyenye uso wake, akakuomba ugombee upande wake? Ulimsikiliza kwa heshima, ukamsindikiza mpaka barabarani kama desturi inavyotaka. Halafu ukachukua mkasi ukakata nepi. Mtoto wangu wa kwanza alivaa uso wa mheshimiwa matakoni mpaka alipojua kutembea. Kila nilipomfua ulikuwa unauliza kama mheshimiwa amekauka.

Kitu ninachopenda kukumbuka kuliko vyote ni kile cha jikoni. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu, kama Papa, wa historia. Unachambua mboga ya lengalenga, mimi natayarisha somo la wafanyakazi wa Uingereza wa karne ya kumi na tisa, ukaniambia nisome kwa sauti. Nikakusomea juu ya mtoto wa mchimba makaa ya mawe aliyeingia shimoni angali mdogo, akakua, akaunda chama cha wachimbaji. Walilipwa kwa uzito wa makaa waliyotoa, mabwana wakawa wanawaibia kwenye mizani, na wao wakagoma mpaka wakapata haki ya kumsimamisha mtu wao pale pale kwenye mizani. Ulipiga paja. "Ah! Huyu Muzungu anajua gunia!"

Nikaendelea, kwamba watu walimpenda sana, mwishowe wakamchagua akaenda kukaa bungeni London. Ukaacha lengalenga.

"Na kwenye mizani alibakisha nani?"

"Walipiga kura, Mama. Wakamusimamisha mwingine."

"Ndo mambo hiyo. Yule mwingine anaitwa nani?"

"Kitabu haikusema jina yake."

"Kitabu gani hiyo!" Ukakasirika kweli, ukachambua lengalenga kwa hasira mpaka mashina mazima yakaingia sufuriani. Kesho yake darasani niliwauliza wanafunzi swali lako, na tangu hapo nawauliza kila mwaka. Wengine wanabuni majina. Nawapa pointi.

Halafu magoti yalikukataa. Miaka ya mwisho hukuteremka tena ziwani. Ulikuwa unakaa mlangoni Kadutu, unaangalia akina mama wanavyopita na mizigo, na ukiona gunia limefura unapiga kelele barabara nzima: "Weye! Ile ni gunia ao ni mimba?" Wakati ule ilinichekesha. Baadaye nilianza kuwaza, kwa sababu wabebaji wapya walikuwa wanakuja kila siku, watu wanaokimbia milima na vita vyake, hawakujui, hawakumwona Papa Safari amelala na makala kifuani. Niliogopa, Mama. Sikukuambia. Nilikuwa najiuliza kama jambo lote hilo lilikuwa limefungwa kwenye sauti yako tu.

Ulipokufa wajomba wa Nyantende walisema wanawake hawabebi sanduku la maiti, haijawahi kuonekana. Mama Cito alimgeukia mjomba mkubwa, mwili mzima, pole pole kama anavyofanya. "Tulimuinua siku zote za maisha yake. Leo tumuachie nani?" Mjomba akasogea pembeni. Wakakuinua. Nilisikia ile "Inuka!" ya pumzi moja, na pale ndipo nilipolia kama mtoto. Kwenye mteremko wa makaburi kulikuwa na matope, wajomba watatu walianguka na nguo zao nyeusi, na sanduku lako halikuyumba.

Sasa hii ya wiki iliyopita. Nilishuka ziwani kuwashukuru akina mama kwa matanga, nimebeba sukari na sabuni. Mtumbwi ulifika, wakashusha makala, na yote yalikuwa na vichwa. Yote, Mama. Mwenye mzigo alikuwa mtoto wa Papa Safari, kijana wa miwani nyeusi. Baba yake sasa amezeeka, anakaa nyumbani. Kijana akasalimia vizuri, akasema: "Mama mukubwa amekufa, Mungu amulaze pema. Sasa tuongee kazi."

Akina mama walibaki wamekaa, kamba mapajani. Mjane mmoja mgeni kabisa, Mama Riziki, aliyekimbia na watoto wake kutoka milimani, alisimama akaenda, akakaa mgongo kwa gunia, akavaa kamba. Hakujua kitu. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Munisaidie, bandugu. Batoto banalala njaa."

Mama, niliwatazama waliokaa. Wengi pale walikuwa sura mpya, vijana ambao nilikuwa siwajui hata kwa jina. Yeyote kati yao angeweza kunyoosha mkono, na mkono mmoja tu ungetosha kumaliza kazi yako yote. Nilifungua kinywa nitaje jina lako. Mama Cito alinishika mkono akaniambia: "Nyamaza. Weye hauna kamba."

Nikarudi nyuma na sukari yangu. Kisha binti mmoja mwenye kitambaa cha kijani akainuka kule nyuma, akaenda mpaka kwa Mama Riziki, akampa mikono yote miwili. Lakini kwanza aliitelezesha kamba kutoka kwenye paji la yule mama, akaiweka mchangani, ndipo akamvuta. "Inuka, mama." Akainuka bila mzigo, gunia likabaki limekaa. Yule binti akamleta kwenye mstari akamwonyesha nafasi ya mbele kabisa. "Gunia ya kwanza yenye kushonwa itakuwa yako. Ikala chini hapa, tungoje."

Wote wakakaa. Kijana wa miwani alizunguka, akatisha, akabembeleza, mwishowe akampigia baba yake simu, na kwa hasira akaiweka sauti yote tusikie. Tukamsikia Papa Safari na kikohozi chake cha uzee: "Banakaa chini? Kata ile vichwa, mutoto wangu. Kata mbele ya jua kupanda. Miye nilianguka pale." Hata Mama Riziki alicheka, ingawa hakujua anachekea nini. Wakakata vichwa, wakashona mdomo kwa mdomo, na gunia la kwanza likawa lake, akainuliwa nalo akapanda.

Nilimfuata yule binti wa kitambaa cha kijani alipokuwa anakaza kamba yake. Nikamuuliza nani alimfundisha kufanya vile. Alinitazama kama mtu anayeulizwa nani alimfundisha kunawa mikono.

"Ndo vile tunafanyaka hapa."

"Mama Nsimire ulimujua?"

Akafikiri kidogo, kwa adabu. "Nilisikia kama kuko mama moja alikufa kule Kadutu. Alikuwa anabebaka naye?"

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa anabeba."

Akanipa pole, akaenda kukaa mgongo kwa gunia lake, na wenzake wawili wakaja.

Hakukujua hata jina, Mama. Nilipanda mlima mzima kifua mbele, watu wa Kadutu wakanisalimia sikuwaitika, kwa majivuno tu. Papa nilimhadithia akanifanya nirudie mara mbili.

Pumzika, na magoti yapate nafuu. Ukimkuta padri huko siku yake ikifika, usimgombeze sana.

Mimi Nsimire,
mtoto wako wa kwanza, yule uliyemwachia Papa asubuhi ile